Mshindi Asiyevaa Glovu

Jumamosi ni siku ya soko Taveta, na sisi wakazi wa Mahoo tunaoishi kwa ndizi huwa tumekwisha amka kabla ya adhana ya alfajiri. Jumamosi moja, miezi michache iliyopita, nilirudi nyumbani baada ya adhuhuri, mikono ingali na utomvu, nikamkuta mgeni ameketi kibarazani. Alikuwa mtu nadhifu, shati jeupe, viatu vinang'aa ijapokuwa njia yetu ni ya vumbi. Gari lake alilisimamisha chini ya mwembe, pale pale ambapo mpwa wangu hutundika gunia lake la mkonge alilolijaza mchanga na matambara. Mpwa wangu ana miaka 22, na gunia lile amelipiga tangu alipokuwa na miaka 14.

"Shikamoo, mjomba," kijana alinipokea. "Huyu bwana ni promota. Ametoka ng'ambo ya Holili. Ameniletea karatasi."

Karatasi zilikuwa nne, zote kwa Kiingereza. Juu yake palikuwa na bahasha. Mgeni aliifungua kidogo ili tuone noti, akasema hiyo ni shilingi elfu 60 za Kenya, kianzio tu, bado malipo yenyewe. Dada yangu, mamake kijana, aliitazama ile bahasha kama mtu atazamavyo mvua baada ya kiangazi. Sharti lilikuwa moja: kijana atie sahihi siku ile ile, kwani vijana wa kupigana wako wengi, Moshi na Tanga.

Nilimwomba mgeni atupe wiki moja. Akacheka, akatuachia karatasi, lakini bahasha akairudisha mfukoni.

Wiki ile, ndugu msomaji, sikulala vyema. Sababu ya kukosa usingizi nitaieleza hapo mbele, maana yanihusu mimi mwenyewe na si mgeni yule. Kwanza natujiulize: hawa mapromota wakubwa hutoka wapi? Inakuwaje mtu asiyepigwa hata konde moja awe ndiye mwenye kauli juu ya waliovunjika pua?

SAHIHI KWANZA, FEDHA BAADAYE

Jina lijulikanalo kuliko yote ni la Don King wa Cleveland, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1931. Mtu huyu hakuanza katika ndondi. Alianza katika bahati nasibu za magendo za mitaani, na mwaka 1966 alimpiga hadi kumwua mtu aliyekuwa akimdai, akafungwa karibu miaka minne. Alitoka gerezani mwaka 1971. Mwaka 1972 alimwendea Muhammad Ali, akamwomba aje Cleveland kupigana mapambano ya maonyesho ili kuchangia hospitali iliyokuwa taabani. Ali, ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi wa kutoa, alikubali. Basi mlango wa kwanza King aliufungua kwa sadaka.

Januari ya 1973 King alikwenda Kingston, Jamaika, kutazama Joe Frazier akipambana na George Foreman. Yeye mwenyewe hupenda kusimulia kwamba alifika uwanjani katika gari la Frazier, aliyekuwa bingwa, na baada ya Frazier kuangushwa mara sita akaondoka katika gari la Foreman, bingwa mpya. Watu hucheka wakisikia kisa hicho, nami pia nilicheka, lakini somo lake si la kuchekesha. Bondia hufungamana na ngumi zake. Promota hufungamana na taji, na taji likihama naye huhama.

Mwaka uliofuata akatenda jambo ambalo hata maadui zake hulistaajabia. Alimwahidi Ali dola milioni 5, akamwahidi Foreman dola milioni 5 nyingine, na mfukoni hakuwa nazo hata kidogo. Alichokuwa nacho ni sahihi mbili. Kwa sahihi hizo alizunguka dunia kutafuta mwenye fedha, na aliyejitokeza alikuwa Rais Mobutu Sese Seko wa Zaire, aliyetaka nchi yake itajwe katika kila televisheni. Ndipo Oktoba 30, 1974, mjini Kinshasa, usiku wa manane ukielekea alfajiri ili Wamarekani watazame jioni kwao, Ali alimwangusha Foreman katika raundi ya nane. Wazee wetu wa pwani walioisikiliza habari ile redioni wangali wanaisimulia hadi leo.

Sisi tulimshangilia Ali, na tulikuwa na haki. Lakini usiku ule washindi walikuwa wawili, na wa pili hakuvaa glovu.

FEDHA ZA WENGINE

King hakuibuni kanuni ile. Miaka mingi kabla yake alikuwako Tex Rickard, Mmarekani aliyepita katika kuchunga ng'ombe, kutafuta dhahabu Klondike na kuendesha nyumba za kamari. Mwaka 1906, katika mji wa machimbo wa Goldfield, Nevada, aliandaa pambano la Joe Gans na Battling Nelson, na zawadi ya dola elfu 30 aliitandaza dirishani kwa sarafu za dhahabu, kila apitaye aione. Watu walikuja kuitazama dhahabu kabla hawajaja kuwatazama mabondia. Mwaka 1921 alimpambanisha Jack Dempsey na Georges Carpentier wa Ufaransa, na kwa mara ya kwanza mapato ya mlangoni yakapita dola milioni moja.

Bahasha ya kibarazani kwetu ni mjukuu wa dirisha lile la Goldfield. Fedha ikionekana kwa macho, masharti hayasomwi.

Na leo hali ndiyo hiyo, ila fedha zimehamia kwingine. Ndugu zetu walioko Ghuba wanajua kwamba siku hizi mapambano makubwa ya dunia hayafanyiki Las Vegas peke yake. Desemba 2019 Anthony Joshua na Andy Ruiz walipigana Diriyah, Saudi Arabia. Mei 18, 2024, mjini Riyadh, Oleksandr Usyk wa Ukraine alimshinda Tyson Fury wa Uingereza kwa pointi, akawa bingwa wa uzito wa juu asiye na mshirika, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Lennox Lewis mwaka 1999. Aliyeliwezesha pambano hilo la Riyadh ni Turki Alalshikh, mkuu wa Mamlaka ya Burudani ya Saudia. Mapromota wawili wa Kiingereza, Eddie Hearn na Frank Warren, waliokuwa mahasimu wa miaka na miaka, walikaa meza moja kwa sababu ya hazina yake. Bwana huyo hakupita katika kumbi ndogo zenye moshi wala hakubandika matangazo kutani. Alikuja na hazina ya nchi, na nguvu ikawa yake kwa misimu michache tu.

Kuna maulamaa wenye kauli zao kuhusu mchezo wa kupigana usoni, na hilo nawaachia wenyewe wenye elimu. Mimi nazungumzia fedha na mikataba, ambayo yanamhusu kila mtu.

MLANGO MMOJA

Iko njia ya tatu ya kuwa mkubwa, nayo ndiyo iliyowagusa vijana wetu wa Afrika Mashariki kuliko zote: kuumiliki mlango ambao kila mtu hana budi kuupitia.

Chukua mfano wa Mogens Palle wa Denmark. Sweden ilipiga marufuku ndondi za kulipwa mwaka 1970, na Norway mwaka 1981. Denmark haikuzifunga, na huko Palle ndiye aliyekuwa promota mkuu. Alimchukua Ayub Kalule wa Uganda, Mwislamu, kijana aliyekuwa bingwa wa dunia wa ridhaa huko Havana mwaka 1974. Mwaka 1979 Kalule alikwenda Japani, akamshinda Masashi Kudo na kutwaa taji la dunia la uzito wa kati mwepesi, kisha Juni 1981 akalipoteza mbele ya Sugar Ray Leonard mjini Houston. Palle alimchukua pia Stephen Muchoki wa Kenya, bingwa wa dunia wa ridhaa wa mwaka 1978 huko Belgrade.

Muchoki angekwenda kutafuta dhahabu ya Olimpiki Moscow mwaka 1980, lakini Kenya iliisusia michezo ile. Februari ya mwaka huo huo Rais Carter alimtuma Muhammad Ali Afrika kuzishawishi serikali zisusie. Mwalimu Nyerere alikataa hata kuonana naye, Kenya ikakubali. Basi bondia aliyefungiwa mlango wa medali alibaki na mlango wa fedha, nao ufunguo wake ulikuwa Copenhagen. Sisemi Palle aliwadhulumu. Bila yeye huenda dunia isingewaona Kalule na Muchoki. Nasema tu kwamba kijana mwenye mlango mmoja hana uwezo wa kubishania bei ya kuingia.

Hata huku kwetu milango imekuwa ikifungwa na kufunguliwa. Zanzibar ndondi zilipigwa marufuku katika zama za Mzee Karume baada ya Mapinduzi ya 1964, na vizazi viwili vikakua Unguja na Pemba bila kuona ulingo. Ruhusa ilirudi katika enzi ya Rais Hussein Mwinyi, na mwaka 2023 kengele ikalia tena. Upande wa bara ya Tanzania televisheni za nchini zimeufanya mchezo huu kuwa kazi yenye soko, na kijana wa Tanga, Hassan Mwakinyo, aliitwa kwa ghafla Birmingham mnamo Septemba 2018, akamsimamisha Sam Eggington wa Uingereza katika raundi ya pili mbele ya watu wa nyumbani kwake. Hapa Kenya, bibie Fatuma Zarika alileta mkanda wa dunia wa WBC mwaka 2016. Vijana wa vijijini wanayaona hayo kwenye simu zao. Mpwa wangu anayaona, na ana haki ya kutamani.

KALAMU ILIKUWA MKONONI MWANGU

Sasa nieleze sababu ya kukosa usingizi.

Mwaka 1986 nilikuwa kijana Mombasa, nimemaliza shule, kazi sina, ila hati yangu ilikuwa nzuri na hesabu nazijua. Bwana mmoja mwenye duka alikuwa akiandaa usiku wa ndondi katika ukumbi mmoja wa mjini, akanichukua niwe karani wake mlangoni. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Pambano kubwa lilimhusu kijana wa mtaani kwetu, kuli wa bandarini, tuliyekuwa tukisali naye msikiti mmoja. Aliahidiwa shilingi 2,000, naye alishinda kwa pointi, jicho moja limefumba.

Baada ya watu kutawanyika bwana yule alinikalisha mezani, akanipa daftari, akanisomea, nami nikaandika. Kianzio alichokwisha kuchukua, 500. Glovu, 150. Daktari, 200. Taa, 160. Usafiri, 200. Chakula na malazi, 150. Jumla ya makato, 1,360. Baki, 640.

Nilijua kwamba daktari hakuwako. Nilijua kwamba kijana alilala kwao kwa mamake na alikuja ukumbini kwa miguu. Glovu zilikuwa za kuazima. Lakini niliandika kwa hati yangu nzuri, na yeye alipoletewa daftari aliniangalia mimi, si bwana yule, akaniuliza, "Ndugu yangu, hesabu hii ni sawa?"

Nikamjibu, "Ni sawa."

Akatia dole gumba. Alikuwa hajui kusoma, na aliniamini mimi. Malipo yangu usiku ule yalikuwa shilingi 300, nilizipokea, na sijawahi kumrudia nikamweleza. Alifariki miaka mingi baadaye, nami nilisimama safu ya mbele katika jeneza lake. Mali bila daftari hupotea bila habari, husema wahenga. Lakini mimi nimeona mali ikipotea ndani ya daftari lenyewe, imeandikwa vizuri, imepigiwa mstari.

Baadaye niligundua kuwa hata wakubwa hufikwa na hayo hayo. Muhammad Ali alipopigana na Larry Holmes huko Las Vegas mwaka 1980, mkataba ulikuwa wa dola milioni 8. Malipo yalipungua kwa zaidi ya dola milioni moja, akamshtaki Don King, kisha akakubali kuyamaliza kwa dola elfu 50 taslimu, wakati huo afya yake imekwisha anza kudhoofu. Mike Tyson naye alimshtaki King mwaka 1998, akidai dola milioni 100, na mwaka 2004 wakapatana kwa milioni 14. Ikiwa mabingwa wa dunia wenye mawakili walipitia hapo, itakuwaje kwa kuli wa bandarini, au kwa kijana wa Mahoo?

Wamarekani hatimaye walitunga sheria mwaka 2000, wakaiita kwa jina la Ali. Inamtaka promota amweleze bondia ni kiasi gani kilichoingia na ni kipi kilichokatwa, inazuia promota asiwe na masilahi kwa meneja wa bondia, maana mtu hawezi kuwa muuzaji na mnunuzi katika bei moja, na inaweka mpaka wa mwaka mmoja kwa ile hila ya kumwambia mpinzani, "Ukitaka kupigana na bingwa wangu, kubali kwanza kuwa wangu ukimshinda." Kwa hila hiyo promota hashindwi, kwani ana mtu wake katika kona zote mbili.

TULIVYOISOMA KARATASI

Basi usiku wa Jumanne, baada ya isha, tuliketi kibarazani mimi, mpwa wangu, mamake, na jirani yetu mwalimu mstaafu anayekijua Kiingereza cha mahakamani. Tuliwasha taa, tukasoma neno kwa neno.

Muda wa mkataba ulikuwa miaka mitano, na promota peke yake alikuwa na haki ya kuuongeza mingine mitatu. Kijana akianza na miaka 22 angetoka na 30, umri ambao mabondia wengi wameanza kuchoka. Fungu la promota lilikuwa asilimia 40, na meneja, ambaye jina lake lilifanana na la ukoo wa promota, asilimia 25. "Gharama zote zinazostahili" zingekatwa katika fungu la kijana, lakini zipi zinastahili hazikutajwa. Kianzio cha elfu 60 kiliitwa zawadi ukurasa wa kwanza, na kufika ukurasa wa nne kimekuwa deni. Juu ya matibabu ya atakayeumia halikuwako hata neno moja.

Dada yangu alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Kumbe ile bahasha ilikuwa kamba."

Kijana alikasirika, lakini hakutukasirikia sisi. Aliniuliza, "Mjomba, wewe uliyajuaje haya yote?"

Pale ndipo nilipowasimulia habari ya mwaka 1986. Miaka yote hiyo sikuwa nimemwambia mtu, hata marehemu mke wangu. Nilipomaliza mwalimu alitazama chini. Mpwa wangu alikaa kimya, kisha akanisogezea kalamu akasema, "Basi andika tena, mjomba. Safari hii andika kweli."

Tuliandika masharti yetu kwa Kiswahili, mistari sita. Pambano moja tu kwanza, halafu tuzungumze. Nusu ya malipo kabla ya kupanda ulingoni. Kila kinachokatwa kitajwe mbele, kwa shilingi. Daktari awepo ukumbini, na matibabu yawe juu ya mwandalizi. Kibali cha kamisheni ya ndondi tukione kwa macho. Kianzio, kama kipo, kiitwe deni, kiandikwe mbali, na mashahidi wawili, kama dini yetu ilivyotufunza kuandikiana.

Jumamosi mgeni alirudi. Aliyasoma masharti yetu akiwa amesimama, akasema hajapata kuona kijana wa shamba mwenye maringo namna hii, akawasha gari. Mpwa wangu alilitazama gari mpaka vumbi likatua. Sikumwambia neno. Nilijua huenda nimemnyima nafasi pekee atakayoipata, na jambo hilo lilinikaa kooni siku kumi.

Siku ya kumi na moja simu ikalia. Pambano moja, raundi sita, Moshi. Nusu mbele. Daktari atakuwepo. Kianzio hakuna. Kuhusu makato, alisema, "Mwambie huyo mjomba wako aje na daftari lake, kama hatuamini."

Sikujui kushinda kwa mpwa wangu. Hilo liko kwa Mola na kwa mkono wake wa kushoto. Wala sisemi mapromota wote ni wezi, kwani bila mtu wa kukodi ukumbi, kuomba kibali na kutia fedha zake hatarini, kijana angebaki anapiga gunia chini ya mwembe mpaka uzee. Ninalolijua ni kwamba nguvu ya promota huanza pale ambapo mwingine hakusoma, au alisoma akanyamaza.

Siku ya pambano tutavuka mpaka Holili asubuhi, inshallah. Kijana atabeba glovu zake. Mimi nitabeba daftari, nami nimekwisha mwambia mwandalizi mahali nitakapokaa: mlangoni, karibu na sanduku la tikiti, kama mwaka ule.